Ua Mrefu wa Jirani: Sheria Yasemaje juu ya Mwanga na Mandhari

Kati ya mambo yaletayo magomvi kwa majirani, mpaka ni wa kwanza. Na kati ya vitu viwekwavyo mpakani, miti ina taabu kuliko vyote. Ukuta wa mawe ukijengwa leo futi sita, kesho utakuwa futi sita, na mwaka ujao vivyo hivyo. Lakini ua wa miti hukua. Mwenye kuupanda alitaka ufike kifuani tu, uzuie mbuzi na macho ya wapita njia. Miaka kumi baadaye umelipita paa la nyumba, na jirani aliyezoea kuketi barazani akatazama vilima sasa hatazami kitu ila majani. Hapo ndipo maneno huanza. Je, jirani huyo ana haki gani? Aweza kwenda kortini akadai arudishiwe vilima vyake?

Yafaa tulijibu swali hili kwa mfano wa Uingereza, kwa sababu mbili. Kwanza, huko magomvi ya nyua za miti yalizidi hata Bunge likalazimika kutunga sheria yake mbali. Pili, kanuni za kale za korti za Uingereza ziliingizwa katika sheria za nchi zetu: Kenya zile zilizokuwapo tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika zile za tarehe 22 Julai 1920. Hata leo, pale ambapo sheria ya nchi haikusema neno, majaji wa Kenya na Tanzania huzitazama kanuni hizo kwa kadiri zinavyopatana na hali ya watu. Kwa hiyo neno lililoamuliwa mbali sana, na zamani sana, laweza kumfikia mtu aliyepanda miti yake Limuru au Lushoto.

Tuanze na mti wenyewe. Mti ulioleta taabu Uingereza zaidi ya mwingine wo wote ni aina ya msaipresi iitwayo Leylandii, na asili yake ni ya ajabu. Iko misaipresi miwili isiyokutana porini: mmoja ni wa pwani ya Monterey katika California, na mwingine huota mbali kaskazini, katika pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini mpaka Alaska. Wazee wa nyanda za juu za Kenya wanaujua ule wa Monterey, maana zamani ulipandwa sana huko, mpaka ugonjwa wa magome ukauharibu na mwingine ukachukua mahali pake. Sasa katika shamba la Leighton, nchi ya Wales, misaipresi hii miwili ilipandwa karibu karibu, na mwaka 1888 unga wa maua wa mmoja uliingia katika mwingine, ikapatikana miche chotara. Miche hiyo ikakua kwa haraka kuliko wazazi wake wote wawili. Mti huu ukiwa mchanga huongezeka karibu mita 1 kwa mwaka, hauangushi majani wakati wa baridi, na ukiachwa bila kukatwa hupita mita 30. Hauna mbegu zifaazo, bali huzalishwa kwa vipande vya matawi, na vipande ni rahisi. Basi mtu wa mjini mwenye bustani ndogo alinunua miche ishirini kwa fedha kidogo, akaipanda mstari mmoja, akapata ukuta wa kijani usiohitaji fundi wala saruji.

Wenye kuupanda hawakuwa na nia mbaya, wengi wao. Walitaka faragha. Nyumba za miji ya Uingereza zimebanana, na madirisha ya huyu hutazama bustani ya yule. Lakini mti huu wataka kukatwa kila mwaka, na mwenye nyumba akizeeka, au akiuza, au akiwa mvivu, hukosa wa kuukata. Tena una tabia moja mbaya: ukikatwa mpaka kwenye mti mkavu wa ndani usio na majani, hauchipui tena pale. Kwa hiyo aliyechelewa miaka kumi hawezi kuurudisha katika kimo cha kwanza kwa siku moja bila kuuua.

Msomaji wa kwetu atasema: Kwani kivuli ni kitu cha kushitakiana? Sisi twakitafuta! Hapo ndipo sharti tulijue jua la Uingereza lilivyo. Karibu na ikweta jua la mchana hupita juu ya kichwa. Mtu wa Nairobi akiwa na ua wa mita 5, kivuli chake saa sita ya mchana hakifiki mita 2 na nusu siku yo yote ya mwaka. Lakini London, katika siku fupi za mwezi Desemba, jua la saa sita mchana halipandi zaidi ya digrii 15 juu ya upeo, chini kabisa upande wa kusini, kama kwetu linavyoonekana saa moja baada ya kucha. Ua ule ule wa mita 5 hutupa kivuli cha mita 18 na zaidi. Bustani nyingi za nyuma za mjini ni fupi kuliko hapo. Basi mtu aliye upande wa kaskazini wa ua mrefu hukaa kivulini tangu majira ya baridi yaingie hata yatoke. Nyasi zake huota kuvu, jikoni taa huwashwa mchana, na kodi ya umeme yapanda. Anayeishi katika nchi yenye jua jingi na asiwacheke watu hao.

Sasa tuje kwenye sheria ya kale. Mwaka 1610 ilikatwa kesi moja ambayo wanasheria huitaja hata leo, kesi ya William Aldred. Aldred alimshitaki jirani yake kwa sababu ya banda la nguruwe lililojengwa karibu na nyumba yake, na kwa ajili ya uvundo wake alishinda. Lakini majaji, katika kueleza hukumu, walitenga vitu viwili. Hewa safi na mwanga wa dirishani, walisema, ni mahitaji ya mtu katika kukaa nyumbani mwake. Mwenye kuviziba aweza kushitakiwa. Lakini kutazama mbali na kuona nchi nzuri ni jambo la kufurahisha macho tu, si la lazima, na sheria haimpi mtu mashtaka kwa kuondolewa furaha ya macho.

Kanuni hiyo yaonekana kavu, na watu wengi wameichukia. Walakini ina maana yake. Tuseme nyumba kumi zimejengwa kwenye mteremko unaotazama ziwa, na wa juu kabisa ana haki ya kuliona ziwa milele. Basi wote walio chini yake, hata mwisho wa bonde, hawawezi kujenga orofa wala kupanda mwembe bila ruhusa yake. Naye ruhusa hiyo angeweza kuiuza. Mtu mmoja angekuwa na kamba shingoni mwa nchi nzima aliyoweza kuiona. Majaji waliliogopa jambo hilo, na sidhani kwamba walikosea kuliogopa. Walipokosea, kama walikosea, ni kuona kwamba hakuna njia ya katikati.

Tangu wakati huo kanuni haikuvunjwa. Mwaka 1997 Baraza la Malodi, lililokuwa korti kuu ya Uingereza siku hizo, lilikata kesi ya watu wa London waliolalamika kwamba jengo refu la Canary Wharf limeziba mawimbi ya televisheni zao. Malodi walikumbusha kwamba mtu aweza kujenga katika ardhi yake atakavyo, hata kama anaziba mandhari ya mwenzake, maadamu hakuna mkataba wala sheria ya kumzuia. Na wakaona mawimbi ya televisheni ni kama mandhari.

Mwanga, kama tulivyosema, ulitengwa. Sheria ya mwaka 1832 yasema kwamba dirisha lililopata mwanga kwa miaka 20 bila kuzuiwa lina haki ya kuendelea kuupata. Lakini tazama mipaka yake. Haki ni ya dirisha la jengo, si ya bustani. Mboga za mtu zikifa kivulini sheria hii haizijui. Tena mwaka 1904 Malodi waliamua kwamba mwenye dirisha hawezi kudai mwanga wote aliokuwa nao zamani, bali ule utoshao kwa matumizi ya kawaida ya watu. Kenya nayo ina kanuni ya miaka 20 katika sheria yake ya muda wa kuleta madai, Sura ya 22, kwa mwanga na hewa viingiavyo katika jengo. Mandhari haimo.

Na matawi je? Hapa mwenyeji wa Uingereza ana haki ambayo wengi huijua nusu. Mwaka 1894 Baraza la Malodi liliamua kwamba tawi likivuka mpaka, jirani aweza kulikata penye mpaka wake bila hata kumpa mwenye mti taarifa, mradi asikanyage ardhi ya mwenzake. Lakini hawezi kuvuka mpaka kwa msumeno, wala hawezi kukata ncha ya mti ulio upande wa pili. Tena tawi alilokata si mali yake, ni la mwenye mti, pamoja na matunda yaliyo juu yake. Hilo la matunda liliamuliwa mwaka 1919. Kwa hiyo mtu aliyechoshwa na ua wa mita 8 angeweza kuunyoa ubavuni mpaka ukawa kama ukuta, na kivuli chake kikabaki vile vile.

Wafaransa waliifuata njia nyingine, na kwa shauri langu ni njia nyepesi. Kitabu chao cha sheria za raia chasema kwamba, pasipokuwa na kanuni au desturi ya mahali pale iliyo tofauti, mti utakaopita mita 2 kwa kimo sharti upandwe mita 2 au zaidi kutoka mpakani, na mti mfupi nusu mita. Asiyefuata, jirani yake aweza kumlazimisha aung'oe au aupunguze, isipokuwa miaka 30 imekwisha pita. Hapana haja ya kupima kivuli. Yatosha kamba ya kupimia. Tunda lililoanguka lenyewe kutoka tawi lililovuka ni la yule lililomwangukia, kinyume cha mawazo ya Waingereza.

Uingereza haikuwa na kamba ya kupimia. Mtu mwenye shida ya ua aliweza tu kumwomba jirani yake, na jirani akikataa, basi. Wengine walishitaki kwa gharama kubwa ya mawakili wakagombea mambo ya mpaka na ya mizizi, kwa kuwa la kimo halikuwa na mlango wa kuingilia. Wengine walimwaga sumu usiku. Mwaka 2003 mjini Lincoln mzee mmoja alipigwa risasi na jirani yake akafa, katika ugomvi wa ua uliokuwa kati ya nyumba zao. Watu walioteswa na jambo hili waliunda chama kiitwacho Hedgeline, wakawaandikia wabunge barua bila kuchoka. Katika Baraza la Malodi mmoja wa walioshika shauri lao alikuwa Bibi Gardner wa Parkes, daktari wa meno aliyezaliwa Australia. Na katika Baraza la Wawakilishi, Bwana Stephen Pound. Miswada yao wenyewe haikufika mwisho, lakini serikali iliichukua shabaha yake ikaiingiza katika sheria kubwa ya mwaka 2003 juu ya mwenendo wa kuudhi watu, katika sehemu yake ya 8. Ikaanza kazi Wales tarehe 31 Desemba 2004, na England tarehe 1 Juni 2005. Ireland ya Kaskazini na Scotland zilitunga zao baadaye, mwaka 2011 na mwaka 2013.

Sheria hiyo haimpeleki mtu kortini kwanza. Humpeleka kwa halmashauri ya wilaya au ya mji wake, naye sharti aonyeshe kwamba kwanza alijaribu kupatana na jirani: barua alizoandika, siku alizokwenda kuongea, mtu wa kati aliyeitwa. Asiyekuwa na ushahidi huo, halmashauri yaweza kuyakataa madai yake bila kuutazama ua. Hili nalisifu. Palipo na desturi ya kupeleka wazee kabla ya kupeleka mashtaka, watu hawatashangaa kusikia kwamba Bunge la London lilifika pale pale.

Ndipo huulizwa: Je, huu ni ua mrefu kwa maana ya sheria? Sharti iwe miti au vichaka viwili au zaidi katika mstari, yenye kubaki na majani mwaka mzima kwa sehemu kubwa, ipitayo mita 2 kutoka ardhini, nayo iwe kizuizi cha mwanga au cha kupita. Mti mmoja peke yake, hata uwe mrefu kama mnara wa msikiti, si ua. Miti inayoangusha majani yote wakati wa baridi si ua katika England; Scotland walikiondoa kikwazo hicho, na huko mti wo wote wahesabiwa. Tena mlalamikaji sharti awe mwenye nyumba ya kukaa, au mpangaji wake, na kimo cha ua kiwe chamzuia kuifurahia nyumba yake kwa kadiri ya haki. Habari za mizizi hazimo. Na msomaji ameona: neno mandhari halimo katika maana ya ua mrefu. Ua uliomzuia mtu kuiona bahari lakini ukamwachia mwanga wake wote hauingii mlangoni hata kidogo.

Kimo kifaacho hupatikanaje? Wataalamu wa Building Research Establishment walitunga hesabu, na hesabu yenyewe ni rahisi kwa mwalimu ye yote kuwafundisha watoto darasani. Pima bustani kutoka penye ua mpaka mwisho wake wa pili. Ua ukiwa upande wa kusini wa bustani, mahali jua litokapo, zidisha kwa 0.25; ukiwa upande wa kaskazini, zidisha kwa 0.65, pande nyingine zina hesabu zilizo katikati ya hizo. Basi bustani ya mita 12 yenye ua kusini yastahili ua usiozidi mita 3, lakini bustani ile ile, ua ukiwa kaskazini, yaweza kuvumilia karibu mita 8. Kwa dirisha linalokabili ua, gawanya kwa mbili umbali ulio kati ya dirisha na ua, kisha ongeza mita 1: mita 6 za umbali huruhusu kimo cha mita 4. Halmashauri haifungwi na hesabu hii. Mkaguzi hutazama na mambo mengine, hata faragha ya mwenye ua, maana naye ana haki ya kutokutazamwa akiota jua bustanini mwake.

Halmashauri ikiona mlalamikaji ana haki, humpa mwenye ua hati ya amri: punguza mpaka kimo fulani, kabla ya siku fulani, kisha usiuache upite kimo fulani tena. Lakini haiwezi kuamuru ua ukatwe chini ya mita 2, wala ung'olewe. Na kwa sababu ya tabia ya Leylandii tuliyoieleza, mkaguzi huwa mwangalifu asiamuru ukato utakaoua mti, maana kuua ni sawa na kung'oa. Aghalabu mti ulio mzima huvumilia kupunguzwa theluthi moja. Kwa hiyo ua wa mita 9 hushuka mpaka mita 6 kwanza, na mlalamikaji aliyetumaini kuona jua mwezi ujao hungoja. Tena hati huangalia majira, kwa kuwa sheria ya mwaka 1981 yakataza kuharibu kiota cha ndege kinachotumika. Ndege wa Uingereza, twaweza kusema, walipata ulinzi wao katika ua miaka zaidi ya ishirini kabla ya majirani.

Ye yote kati ya hao wawili asiporidhika, ana siku 28 za kukata rufani. Mwenye ua asipotii, aweza kushitakiwa na kutozwa faini isiyozidi pauni 1,000. Na korti ikimpa amri naye akaendelea kukaidi, faini nyingine kwa kila siku. Zaidi ya hayo halmashauri yaweza kuingia, ikakata yenyewe, na gharama ikamdai mwenye ua.

Sehemu moja ya mpango huu imelaumiwa sana, nami naona yastahili lawama: ada. Katika England mlalamikaji hulipa halmashauri kabla ya kazi kuanza, na kila halmashauri hupanga kiasi chake. Pengi ni mamia ya pauni. Akishinda, harudishiwi. Yaani aliyekaa gizani ndiye anunuaye mwanga, na aliyemtia gizani hulipa tu gharama ya kukata miti yake mwenyewe. Ireland ya Kaskazini walirekebisha: halmashauri ikitoa amri, mlalamikaji hurudishiwa ada yake, na mwenye ua ndiye atozwaye.

Sasa turudi kwa mtu wetu wa kwanza aliyepoteza vilima vyake. Je, hapana nchi iliyomsikiliza? Ipo. Jimbo la New South Wales huko Australia, ambako miji imejengwa juu ya ghuba na maji yaonekanayo dirishani huongeza bei ya nyumba, lilitunga mwaka 2006 sheria ya magomvi ya miti kati ya majirani, na mwaka 2010 likaongeza sehemu juu ya nyua. Huko mtu aweza kuiendea Korti ya Ardhi na Mazingira, si kwa mwanga wa jua wa dirishani tu, bali hata kwa mandhari ionekanayo kutoka nyumbani mwake. Walakini mlango ni mwembamba. Miti iwe miwili au zaidi, iliyopandwa ili iwe ua, yenye kimo cha mita 2 na nusu au zaidi. Na kuzibwa kwenyewe kuwe kukubwa kweli kweli, si kupungua kidogo. Mlalamikaji awe amejaribu kupatana. Kisha korti hupima: miti ilikuwapo kabla ya nyumba? Yaleta faida gani kwa mwenyewe, kwa faragha, kwa ndege, kwa udongo? Mara nyingi majaji hao huja mahali penyewe, wakasimama barazani na kutazama. Mtu mwenye shamba la miti yake iliyoota yenyewe hana la kuogopa.

Hapo twaona ile njia ya katikati ambayo majaji wa mwaka 1610 hawakuwa nayo. Nchi haikusema mandhari ni mali. Ilisema tu kwamba ukuta wa miti uliopandwa kwa makusudi ni kitu kingine kuliko msitu, na kwamba aliyeupanda aweza kuulizwa sababu.

Hata chini ya sheria ya Uingereza mandhari yaweza kulindwa kwa njia moja ya zamani, nayo ni maandishi. Majirani wakipatana, au mwenye ardhi akiigawa na kuuza viwanja, waweza kuandika katika hati kwamba miti ya mpakani haitapita kimo fulani. Tangu kesi ya Leicester Square ya mwaka 1848, ahadi ya kujizuia iliyoandikwa juu ya ardhi yaweza kumfunga na mnunuzi wa baadaye aliyeijua. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliwatetea wenye nyumba kando ya mto Thames: hati zao zilikataza kuwaudhi majirani, na korti ikaona kwamba jengo la nyongeza lililowazibia majirani mandhari ya mto ni kuudhi kwa maana ya hati ile. Pasipo hati, wangeondoka mikono mitupu.

Huku kwetu, sehemu nyingi watu waliandika ahadi ya mpaka kwa mmea badala ya wino. Mchagga hupanda masale mpakani, naye aking'oa masale ya mwenziwe ametenda neno zito. Na jani lile lile la sale hupelekwa kuomba msamaha. Masale hayapandi mpaka kuziba mlima. Lakini siku hizi viwanja vimekuwa vidogo, nyumba za orofa zimepanda, na watu hupanda misaipresi, mikaratusi na mianzi mpakani kwa ajili ya faragha, kama watu wa miji ya Ulaya. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka Baraza la Ardhi la Kijiji, watu saba, watatu wao wanawake, ambao kazi yao ni kupatanisha. Baraza hilo halina jedwali la 0.25 wala la 0.65, na kwa jua letu halilihitaji. Lakini laweza kuuliza maswali yale yale: Nani alitangulia, mti au nyumba? Umepandwa kwa kusudi gani? Waweza kupunguzwa bila kufa? Na wakipatana kimo, laweza kuwaandikia.

Maandishi hayo yana kazi kubwa kuliko watu wafikirivyo, maana jirani hafi na ua wake. Katika England hati ya amri ya halmashauri haimfungi yule aliyelalamikiwa peke yake, bali hufuata ardhi: akiuza nyumba, mnunuzi ameinunua pamoja na amri, na kila mwaka ua ukigusa kimo kilichoandikwa, ni yeye atakayechukua msumeno.